Remorke ya Zulia Jekundu

Vijana wa garaji ya Kirolirwe wameniomba niandike namna ya kupanga remorke ya mashua, lile tela linalovutwa na gari. Wanasema tangu nistaafu wamejaribu mara moja, na mashua ikaanguka gari likiwa bado halijawashwa. Nilicheka, nikaomba msamaha kwa kucheka, kisha nikacheka tena. Basi naandika. Lakini sijui kueleza kazi bila kueleza watu, mtanivumilia. Kuhusu vyeo hamtasoma kitu: nilipata kimoja tu, na nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alihamia Bukavu bila kuaga.

Mimi ni mtoto wa ng'ombe. Baba yangu alikuwa na kundi kwenye milima ya juu ya Kirolirwe. Tuliuza maziwa na fromaji, yaani jibini, na siku ya Mungu tulijaa benchi zima kanisani, wote tukinukia siagi. Kisha tukakimbia vita, tukarudi, na tuliporudi majani yalikuwa marefu sana, kwa sababu hakukuwa na wa kuyala. Wakati huo nilikuwa tayari mama wa watoto wawili. Kituo cha ufundi kilipofunguliwa nilikwenda kujiandikisha kushona nguo. Kushona kulikuwa kumejaa. Ilibaki nafasi moja ya kuchomelea vyuma. Nilirudi nyumbani nimenuna, na mama yangu akasema, "Yote njo kushona. Kule uzi unawaka tu."

Garaji ambako kituo kilinipeleka kujifunza ilikuwa zizi la zamani la matofali, na wakati wa mvua ililikumbuka zizi kwa harufu. Tulitengeneza milango ya mashamba, mikokoteni ya kubeba bido, yale madumu ya maziwa, na kila kitu ambacho magurudumu yake yalikuwa yamegombana. Seremala wa pale alikuwa Papa Bauma, Muhunde, wa familia ya wakulima wa siku nyingi katika Masisi. Watu wa kwake na watu wa kwangu kuna miaka ambayo hawakusalimiana vizuri. Sisi wawili tuligombana karibu kila siku, lakini ugomvi wetu ulikuwa juu ya mbao.

Siku ya kwanza nilifika na koti jipya la kazi na miwani ya kuchomelea. Nilitegemea kuonyeshwa mashine. Papa Bauma alichukua mbao mbili fupi, akazikingamisha juu ya vigoda, moja huku, nyingine kule, akanionyesha kwa kidevu.

"Lala hapo."

"Papa, nilikuya kutumika, haiko kulala."

"Njo kazi ya leo. Lala, dada."

Nikalala. Mbao moja ilinishika mabegani, nyingine chini ya magoti. Kiuno kilibaki hewani. Yeye akarudi kwenye randa yake, akaranda kama mtu asiye na mgeni. Baada ya muda kiuno kikaanza kutetemeka, kisha mgongo ukaanza kuniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nikafumba macho. Ndipo akaingia mfugaji mmoja mzee aliyekuja kutafuta bawaba za mlango. Aliniona nimenyooka pale, miwani kifuani, uso umekunjamana. Akavua kofia.

"Maskini. Alikufa lini?"

"Haiyakufa," Papa Bauma alimjibu bila kuinua kichwa. "Iko najifunza."

Yule mzee alikuwa ameshaanza kusali. Alimaliza sala yake yote, akasema haitapotea, itanisaidia siku moja. Kisha akachukua bawaba zake.

Papa Bauma alinisogelea. "Unasikia wapi?"

"Mu mugongo."

Akatoa zile mbao fupi, akaweka mbili ndefu, zikanishika ubavu kwa ubavu kutoka mabegani mpaka visiginoni. Nusura nipate usingizi.

"Mashua nayo iko na mugongo," alisema. "Shida yake haijue kulia. Inanyamaza tu mupaka siku inapasuka."

Hapo ndipo nilipojua kwamba garaji ya ng'ombe ilikuwa na kazi nyingine. Mtajiuliza mashua zilitoka wapi kule juu. Maziwa ya Mokoto hayako mbali. Ziwa Kivu liko chini kule Sake. Na ukipita Kalembe nchi inashuka kuelekea Walikale, ambako mito inanenepa. Aliyenunua mashua upande mmoja na kuitaka upande mwingine alilazimika kupita mbele ya mlango wetu, kwenye barabara ambayo haikuwa na maji isipokuwa ndani ya mashimo. Msimu wa mvua mashimo mengine yalitosha kufuga samaki.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mlipokosea. Remorke ni chuma na magurudumu tu. Kinachobeba mashua ni zile mbao mbili ndefu zinazolala juu yake, ambazo sisi tuliziita malalo. Malalo hayawekwi popote. Ndani ya mashua kuna mihimili inayotoka mbele kwenda nyuma, na malalo yanatakiwa yapite chini ya mihimili hiyo hasa. Ukiyaweka pembeni, kati ya mhimili na mhimili, unaibonyeza mashua tumboni. Mkuku, ule mfupa wa katikati wa chini, unaugusa mpira wa kuviringika ulio katikati ya remorke kama mtu anayesalimia akipita. Uzito wenyewe unabaki juu ya malalo. Na kila lalo linainamishwa lifuate mteremko wa tumbo. Tumbo la mashua si meza.

Macho yanadanganya, kwa hiyo Papa Bauma hakuyaamini, hata yake. Alikuwa na chaki. Alipaka lalo lote chaki, tukaishusha mashua, tukaiinua tena, kisha tukatazama chaki imehamia wapi. Kama imehamia mahali pamoja tu, ujue mashua nzima imesimama juu ya kucha. Baada ya chaki alikuja na karatasi ya daftari la shule. Aliipitisha kati ya lalo na tumbo. Ikipita, mashua iko hewani. Ikikwama, mashua imelala. Mara moja alikuta karatasi inapita sehemu ambayo mimi nilikuwa nimeapa kwamba iko sawa. Alinikabidhi ile karatasi niisome. Ilikuwa kazi ya shule ya mjukuu wake, hesabu, na mwalimu alikuwa ameandika juu kwa kalamu nyekundu: Rudia.

Kosa langu kubwa nitaliandika mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine. Papa Gaston, mvuvi wa maziwa ya Mokoto, alituletea mashua yake ya aluminiamu. Papa Bauma alikuwa na homa wiki ile, nami nikaona nafasi ya kuonyesha kwamba nimeiva. Nilipanga malalo vizuri sana. Kisha, kwa akili yangu, nikayapaka ile dawa ya kijani ya kuzuia mchwa, mara mbili, nikatandika zulia juu. Papa Gaston aliondoka akinisifu. Miezi michache baadaye alirudi. Hakuwa akinisifu. Tulipoigeuza mashua tukaona tumbo lake limejaa vidonda vidogo, safu mbili zilizonyooka, pale pale malalo yangu yalipokuwa.

"Ilipata surua," Papa Gaston alisema.

Ile dawa ilikuwa na shaba ndani yake. Shaba na aluminiamu, vikilowana pamoja, haviishi nyumba moja. Mimi sikujua, na mbaya zaidi sikuuliza. Papa Bauma alipapasa vile vidonda kimoja kimoja, polepole, na mimi nikisubiri nigombezwe. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

"Muchwa haikukula mbao, ni kweli," alisema mwishowe. "Dawa njo ilikula mashua."

Nilitengeneza viraka kwa mkono wangu mpaka vidole vikavimba. Nilimwomba Papa Gaston msamaha mbele ya watu. Alikubali, lakini kwa muda mrefu kila aliponikuta sokoni aliniuliza kama siku hiyo nimepaka kitu chochote.

Papa Bauma aliacha kazi magoti yalipochoka, akaenda kwa binti yake upande wa Buleusa kulima maharagwe. Wa kuulizwa nilibaki mimi peke yangu, na hapo ndipo unapojua kazi. Sitasimulia miaka yote iliyofuata. Kulikuwa na mashua ya kasisi iliyofungwa kwa kamba za mbuzi. Kulikuwa na mtu aliyetaka remorke ya mashua ambayo bado hakuwa ameinunua, akaomba tuikadirie kwa macho ya imani. Miaka mingine barabara ilifungwa na tulitengeneza majembe tu. Acha niwasimulie kazi yangu ya mwisho, ambayo wengi wenu mnaidai kwa jina la zulia.

Ilikuwa mashua nyeupe ya faiba, ndefu kuliko zote tulizowahi kuona pale. Ilikuwa inaenda Walikale, kwenye mto Lowa, kwa kituo kimoja cha afya. Mkunga wa kituo hicho, Mama Noella, alikuja mwenyewe kuifuata. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Alikaa kwenye kigoda changu akaniambia kwamba mtumbwi wao ulipasuka kwenye jiwe. Tangu siku ile, mwanamke akishikwa na uchungu upande wa pili wa mto, anangoja ukingoni mpaka mvuvi apite na awe na huruma.

"Na kama mvuvi hapiti?"

"Tunasikia habari kisha," alisema.

Ile mashua ilikuja juu ya remorke ya kuazima, iliyotengenezwa kwa mashua fupi zaidi. Malalo yalikwisha kabla mashua haijakwisha. Ukuta wa nyuma, pale motere, ile injini yake, inaponing'inia, ulikuwa umebaki hewani shibiri mbili nzima, na motere juu yake. Nilizunguka mara moja tu. Nikamwambia chef wetu, mkuu wa garaji, kwamba haiondoki.

Chef Deo alikuwa mtu mzuri, lakini shofere alikuwa tayari amewasha gari.

"Mama Mapendo, ni shibiri mbili tu! Nani alikufaka juu ya shibiri mbili?"

"Chef, motere iko inavuta chini, malalo iko inasukuma juu. Kila shimo ni nyundo. Kufika Kalembe, tumbo itakuwa imepindama. Kufika mu mayi, itafunguka."

"Na kama miye nasema inaenda?"

"Basi inaenda. Lakini haitaenda na mukono yangu, na nitamwambia huyu mama mbele yako juu ya nini."

Mama Noella alikuwa ameshasikia. Aliinuka, akaenda kuzima gari la watu kwa mkono wake mwenyewe, akarudi akakaa. Chef Deo alitutazama sisi wawili. Akanipa mpaka kesho saa sita mchana.

Tatizo likawa mbao. Ilikuwa msimu wa mvua, na uwanjani tulikuwa na miti ya mikaratusi iliyokatwa juzi. Mti mbichi ukiufunga umenyooka leo, kesho umejipinda kama kamba. Nilihitaji mbao mbili ndefu, kavu, zilizonyooka, na nilijua mahali pamoja tu katika Kirolirwe yote palipokuwa nazo. Nilikwenda kwa pasta.

"Benchi za kanisa?" pasta aliuliza. "Mama Mapendo! Siku ya Mungu Wakristo watakaa wapi?"

"Wamama watasimama, Pasta. Nikiwaeleza mashua iko ya nini, watasimama na kuimba."

"Na wababa?"

"Wababa wanakuyaka mahubiri ikiisha. Benchi haiwasumbue."

Pasta alijaribu kukunja uso, lakini ilikuwa kweli, na alijua kwamba ilikuwa kweli. Alitupa benchi mbili za mbele, zilizokauka kwa mahubiri ya miaka mingi. Nilimwahidi nyingine mpya, na nilizitengeneza.

Likabaki zulia la kufunika malalo, maana mbao tupu hukwaruza faiba. Dukani hakukuwa na kipande. Mama Sifa, anayekodisha vyombo vya harusi, alikuwa na zulia refu jekundu ambalo maharusi walikuwa wamelikataa kwa sababu ya doa la mchuzi. Alinipa. Nilificha doa upande wa chini, kwa heshima.

Niliwahi kazini asubuhi. Nilichomelea chuma cha kurefusha nyuma, nikafunga malalo mapya kwa bulo, zile bolti, vichwa vya bulo nikavizamisha ndani ya mbao visije vikaitoboa mashua, nikahakikisha malalo yanaupita ukuta wa nyuma kwa vidole vitatu. Kisha chaki. Kisha zulia. Kisha karatasi, na karatasi alipitisha Mama Noella mwenyewe, amepiga magoti matopeni na kanga yake nzuri. Alizunguka upande wa kushoto wote. Akazunguka upande wa kulia. Karibu na mwisho akasimama.

"Hapa inapita."

Chef Deo alitazama saa yake. Mimi nikaenda kuchukua kriki, ile jeki ya kuinulia gari. Nililegeza mshikio mmoja, chuma kinacholishika lalo kwenye remorke, nikainua lalo kidogo, nikakaza. "Ijaribu."

Karatasi ilikwama, ikachanika. Chef Deo akashusha mkono wa shati lake ukafunika saa, akasema, "Sasa mwende, kabla hamjaniomba na mimbari."

Nilikwenda nao, kwa sababu kazi ambayo hujaiona njiani hujaimaliza. Shofere aliitwa Musafiri, kijana mchangamfu, mwenye ndugu katika kila kijiji. Mashua tuliifunika kwa bashi, lile turubai la gari, lakini zulia jekundu lilichungulia pembeni, na kila tulipopita wamama wa shambani waliinua majembe wakiuliza nani anaoa. Mama Noella aliwajibu kwa ile sauti yake kwamba bwana harusi yuko Walikale na bado hajaambiwa. Kwenye kizuizi kimoja askari alizunguka remorke mara mbili.

"Hii mashua inaenda wapi?"

"Mu mayi," nikasema.

"Mayi iko wapi hapa?"

"Njo tunaitafuta, Papa."

Alifikiri kidogo, akafungua njia.

Mweso tulisimama kula bugali. Mimi na Mama Noella tuliingia ndani. Musafiri alisema hana njaa. Nilipaswa kushtuka pale pale, maana sijawahi kuona shofere asiye na njaa. Tulipoondoka na kuanza kuteremka kuelekea Kalembe, nikasikia gari limekuwa jepesi nyuma, kama mtu anayetembea kwa vidole. Kwenye kona ya kwanza remorke ilitikisa mkia. Kwenye kona ya pili ilitikisa zaidi, ikatuvuta upande wa bonde, na gurudumu moja likakanyaga ukingo ambao ulikuwa unabomoka.

"Simama! Polepole, usikanyage freni yote! Polepole!"

Musafiri alijua kuendesha, hilo nampa. Gari lilisimama. Tukasikia mawe yakidondoka chini. Ndipo kutoka ndani ya mashua mbuzi akalia.

Nilifunua bashi. Nyuma kabisa, juu ya motere karibu, kulikuwa na magunia ya viazi. Juu ya magunia alikaa mama mnene, mwavuli mapajani, mbuzi kando yake, ametulia kama nahodha.

"Tumefika?" aliuliza.

"Huyu ni Mama Zawadi," Musafiri alisema kwa sauti ndogo. "Shangazi yangu."

Mnielewe hapa. Remorke inataka kichwa chake kiegemee gari kidogo. Uzito ukihamia nyuma, kichwa kinainuka, kinaliinua gari, na mkia unafanya unavyotaka. Nilimweleza Mama Zawadi hayo yote kwa adabu, kwa sababu alikuwa mkubwa kwangu.

"Miye nilipanda mashua," akajibu. "Mashua inabebaka watu. Sasa kosa yangu iko wapi?"

Ni Mama Noella aliyemwonyesha bonde. Mama Zawadi alitazama chini, akatazama ukingo uliobomoka, akashuka bila kusaidiwa, na nilivyomwona akishuka nadhani hakuwa ameruka hivyo tangu ujana. Magunia tuliyahamishia kwenye gari. Mama Zawadi aliingia mbele. Mbuzi, kwa kukosa nafasi, alisafiri mapajani mwangu.

Kabla ya hapo niliingia chini ya remorke. Mshikio mmoja wa kushoto ulikuwa umepinda, na lalo limeachana na tumbo kwa vidole vinne. Tulijikokota mpaka Kalembe kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Umeme wa kuchomelea haukuwapo, lakini kando ya barabara kulikuwa na mama anayechoma mahindi. Nilimwomba makaa yake. Nilitia mshikio motoni katikati ya mahindi, tukapepea mpaka ukawa mwekundu, nikaunyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, huku mwenye mahindi akinikumbusha kila mara nisimtilie majivu. Niliufunga tena. Kisha nikapitisha kiganja tumboni mwa mashua, kutoka mbele mpaka nyuma, mara tatu, nikitafuta ufa. Sikupata. Nilipomwitikia Mama Noella kwa kichwa kwamba ni nzima, aliketi chini akala mahindi matatu mfululizo.

Tulifika mtoni kesho yake, jua likiwa juu. Sikuwa nimejua mto unaweza kuwa mpana hivyo. Na pale ukingoni, chini ya turubai, kulikuwa na watu wanne na machela. Mwanamke mmoja alikuwa amelala, ameshika mkono wa mama mkwe wake, na alikuwa ameacha kupiga kelele, jambo ambalo Mama Noella hakulipenda. Walikuwa hapo tangu alfajiri. Kituo kilikuwa ng'ambo.

"Shusheni hiyo mashua," Mama Noella alisema.

Musafiri alitaka kufungua ndoano ya mbele inayoifunga mashua kabla ya kuingia majini. Nilimfokea mpaka mbuzi akaniogopa. Zulia likilowana linateleza. Ukifungua mapema mashua inakwenda yenyewe, na haikuulizi inapokwenda. Tulirudisha remorke polepole mpaka magurudumu yakazama, mpaka nyuma ya mashua ikainuka yenyewe. "Sasa fungua." Ikatoka kwenye malalo kimya, kama mtu anayeamka kitandani asitake kumwamsha mwenzake.

Niliinama kuangalia sakafu yake. Kavu.

Safari, mwendeshaji wao, aliruka ndani akawasha motere. Wakamweka yule mwanamke, na mama mkwe wake. Mama Noella alikuwa amemtia seramu, ile dripu ya mkononi, na chupa haikuwa na mahali pa kuning'inizwa.

"Mama Mapendo, ingia. Shika hii juu."

"Mimi?"

"Njo weye. Ingia!"

Hapa nitawaambia jambo ambalo sikuwaambia garajini miaka yote. Sikuwahi kupanda mashua. Hata moja, hata ikiwa imefungwa. Sisi watu wa ng'ombe, maji tunayapenda yakiwa ndani ya ndoo. Niliingia kwa sababu chupa ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nikapiga magoti, nikainua mkono juu, nikafumba macho. Mashua ikaondoka.

Katikati ya mto nilisikia mkono wa jasho umenishika kifundo. Alikuwa yule mwanamke.

"Mama, uko naogopa?"

Ningesema uongo, lakini macho yangu yalikuwa bado yamefumbwa.

"Ndiyo, mwanangu. Sana."

"Miye pia. Basi tushikane."

Tukashikana. Ng'ambo wakambeba mbio, nami nikakimbia kando yao na chupa yangu juu kama mtu anayebeba bendera, mpaka mlangoni mwa kituo, ambapo waliichukua na kunifungia nje. Nilikaa kwenye ngazi. Nilikaa muda mrefu, nikihesabu bulo za paa la kituo, ambazo mbili zilikuwa zimelegea. Alasiri nikasikia sauti mpya ndani, ndogo na yenye hasira. Mama Noella akatoka akifuta mikono.

"Wote wazima," alisema, kisha akalia kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilipokula nikateremka mtoni. Safari alikuwa ananisubiri, ameketi nyuma ya mashua. Ng'ambo niliona gari letu, na remorke tupu, na zulia jekundu limeanikwa juani, na Mama Zawadi amekaa juu yake.

"Kaka Safari," nikauliza, "daraja haiko?"

"Iko. Siku mbili kwa miguu."

Nilitazama mto. Nilitazama viatu vyangu. Nikaingia, nikakaa katikati kabisa, viganja vyote viwili sakafuni. Motere iliwaka, mawimbi yakaanza kutupiga chini, na sakafu chini ya viganja vyangu haikutikisika hata kidogo. Mara hii nilivuka macho wazi.